Programu Inapokutana na Namba Isiyotarajiwa

Kila programu ya kompyuta hutegemea masharti fulani: kwa mfano, kwamba namba ya kugawia haitakuwa sifuri. Mwandishi stadi huiagiza programu ilikague sharti kabla ya kuendelea. Lakini baada ya ukaguzi huja swali gumu zaidi: sharti likivunjika, programu ifanye nini?

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa. Baada ya sekunde 40 hivi iliacha njia yake ghafla, ikavunjika na kulipuka pamoja na setilaiti nne za utafiti.

Chanzo kilikuwa hesabu moja. Kompyuta iliyopima mwendo wa roketi ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Namba kamili ya aina hiyo haiwezi kuzidi 32,767. Programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, ambayo njia yake ya kupaa haikuweza kuzaa namba kubwa kiasi hicho. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi zaidi kuelekea upande, na namba ikavuka mpaka.

Kompyuta ilitambua kosa. Ikafanya kama ilivyoagizwa: ikatoa taarifa ya hitilafu, kisha ikajizima. Agizo hilo lilidhani kwamba kosa lolote litatokana na kifaa kuharibika, na kwamba kifaa cha akiba kitashika kazi. Kumbe kifaa cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimekwisha kujizima kwa sababu ile ile. Kompyuta kuu ya roketi ikaisoma taarifa ya hitilafu kana kwamba ni vipimo vya safari, ikageuza midomo ya injini kupita kiasi.

La kusikitisha zaidi, hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Ingaliweza kusimamishwa, au namba ikawekewa kikomo, na safari ikaendelea.

Hivyo basi, kutambua kosa ni nusu ya kazi. Kusimama hufaa pale ambapo kuendelea kungeleta madhara makubwa zaidi. Angani, kusimama kwenyewe ndiko kulikoleta maangamizi. Mwandishi wa programu hana budi kuamua mapema, na kuyaandika wazi masharti anayoyategemea, ili atakayeirithi kazi yake ayapime upya.