Mtoto Ambaye Hayumo Kwenye Daftari

Mwaka jana nilikaa wiki mbili kwenye zahanati moja nje kidogo ya jiji la Dodoma, nikipekua madaftari kwa ajili ya utafiti wangu. Siku moja nikamuuliza muuguzi: "Sista, mwaka mzima huu hakuna mtoto aliyefariki?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hapa kwetu hakuna. Wanaofia nyumbani nitawaandikaje?"

Jibu fupi, lakini tatizo lote limo humo.

Twende taratibu. Zahanati zetu hujaza madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi namba zinajumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na Wizara ya Afya pale Mji wa Serikali, Mtumba, inaziona. Ni mfumo mzuri. Ila unamwona aliyefika kituoni tu. Mtoto aliyezaliwa na kufia nyumbani, bila cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, kwa mfumo huo ni kama hakuwahi kuwepo.

Sasa taifa linajuaje? Kwa kwenda kuwauliza akina mama wenyewe. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, wadadisi hupita kaya zilizochaguliwa, wakimwomba kila mama ataje watoto wote aliowazaa, walio hai na waliofariki. Utafiti wa 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya vizazi hai 1,000, watoto 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini utafiti huo hufanyika mara moja kwa miaka kadhaa, na haumwambii mganga mkuu wa wilaya kijiji gani kina shida mwezi huu.

Je, takwimu za karibu zinaokoa watoto kweli? Tuna mfano wetu wenyewe. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Kule Rufiji wadadisi walitembelea kaya kila baada ya miezi minne wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea msiba, ndugu waliulizwa kwa upole: alikuwa na homa? Alipumua kwa shida? Aliharisha? Kutokana na majibu hayo, madaktari walikadiria chanzo cha kifo.

Matokeo yalishtua. Morogoro, malaria ilikuwa inabeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Halmashauri zikapanga upya: fedha zaidi kwenye malaria, na mafunzo kwa watumishi ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, sio ugonjwa mmoja mmoja. Ndani ya takriban miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Tuwe wakweli: takwimu peke yake hazikutibu mtu. Kulikuwa na nyongeza ya fedha, kidogo tu kwa kila mkazi. Kazi ya takwimu ilikuwa kuonyesha fedha hizo ziende wapi.

Na leo zinaonyesha wapi? Rudi kwenye zile namba. Mwaka 2004/05, kati ya vifo 112, vya watoto wachanga wa chini ya siku 28 vilikuwa 32, chini ya theluthi moja. Mwaka 2022, kati ya 43, vilikuwa 24, zaidi ya nusu. Kwa hiyo vita imehamia chumba cha kujifungulia: kumsaidia mtoto aliyeshindwa kupumua, kumpa joto njiti, kuwahi maambukizi. Bahati mbaya, hao ndio rahisi kusahaulika kwenye hesabu, maana wengine hufa kabla hata ya kupewa jina.

Kuna mtego mwingine. Chukua eneo linalokua haraka kama Mtumba, ambako wizara na watumishi wamehamia. Tuseme makadirio yanaipa zahanati watoto 400 wa chini ya mwaka mmoja, halafu wanaochanjwa ni 500. Ripoti itasoma asilimia 125! Kila mtu atapiga makofi, na kumbe huenda wapo wengine 100 mtaani ambao hawajachanjwa. Namba ya chini ikikosewa, ya juu haina maana.

Kwa hiyo ukisikia msiba wa kichanga mtaani kwenu, usiishie kwenye pole. Mkumbushe mzazi, kwa wakati wake, amweleze mhudumu wa afya ya jamii au mtendaji. Yule sista anaweza kuandika. Anachohitaji ni mtu wa kumpelekea habari.