Mzee Akivunjika Paja, Asiachwe Kitandani

Wengi wenu mmekwisha kuliona jambo hili nyumbani kwenu au kwa jirani. Mzee ameteleza uani usiku wa mvua. Hakuanguka toka juu ya mwembe, wala hakugongwa na pikipiki. Ameanguka tu kwa kimo chake mwenyewe. Lakini hawezi kusimama tena. Ukimtazama vizuri, utaona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo wake umegeukia nje. Hiyo ndiyo dalili ya kuvunjika paja karibu na nyonga. Mwenye kuiona asiuvute mguu huo wala asiukande.

Hayo ndiyo yaliyompata shangazi yangu hapa Uvira, mwezi wa Aprili 2018. Alikuwa na miaka 71, mjane, mwuza ndagala, na nyumba yake ilikuwa Mulongwe, karibu na mto. Tulimwinua, tukamlaza, tukamwita mwunga mifupa. Mzee huyo simdharau: mkono wangu mwenyewe aliuunga nilipokuwa mwanafunzi, nao hata leo unaandika ubaoni. Walakini mfupa wa mkono uko karibu na ngozi, vidole huukuta. Wa nyonga umezama chini ya nyama nene, na vijiti vilivyofungwa pajani haviufikii.

Tulimhurumia mno. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Mama, pumzika, usijisumbue." Watoto walimlisha kwa kijiko, ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Siku ya tisa binti yake alipomgeuza ili amwoshe, aliona ngozi ya chini ya mgongo imeanza kuwa nyeusi. Kikohozi nacho kilikuwa kimekwisha kuingia. Sisi tulidhani ni uzee unaofanya kazi yake. Kumbe ni kitanda.

Nataka kukaa kidogo juu ya neno hili, maana ndipo wazee wetu wengi wanapopotea. Mzee anayelala chali siku nyingi, nyama za miguu yake huyeyuka upesi kuliko tunavyodhani. Mapafu hayajai hewa vema, makohozi hutuama humo, na homa ya mapafu hufuata. Damu hutembea polepole miguuni, huganda, na donge lake laweza kupanda hata mapafuni na kumwua mtu kwa ghafula. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na mkeka hukosa damu, ikaoza. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali nzuri, wazee 20 hadi 30 katika kila 100 waliovunjika nyonga hawaumalizi mwaka. Ndiyo sababu madaktari wa huko hufanya haraka: hupasua katika siku mbili za kwanza, hutia chuma, na kesho yake humsimamisha mgonjwa, hata kama analia.

Nasi tulimpeleka hospitalini, tukiwa tumechelewa. Picha ilionyesha kwamba mfupa umevunjika chini ya shingo yake. Hiyo ilikuwa bahati. Shingo ya mfupa wa paja hupata damu kwa mishipa midogo sana, na ikivunjika, kichwa cha mfupa chaweza kufa. Lakini pale chini damu ni nyingi, na mfupa huweza kuunga wenyewe. Daktari alitutajia njia mbili. Ya kwanza ni kupasuliwa Bukavu, zaidi ya kilometa 120 kwa barabara ya milimani. Tulihesabu fedha za ukoo mzima, hazikutosha. Basi tukashika ya pili: mguu ulivutwa kwa uzito uliotundikwa mwisho wa kitanda, majuma kumi.

Majuma kumi kitandani! Nani angalipona? Aliyemwokoa ni mwuguzi mmoja mkali. Alifunga kamba juu ya kitanda, ili shangazi ajiinue mwenyewe mara nyingi kwa siku. Alimpa mrija na chupa ya maji, apulize mpaka maji yatoe mapovu, ili mapafu yafunguke. Alikataza mtu ye yote asimlishe. Kidonda alikiosha kila siku. Shangazi alimwita mtesaji.

"Mwanangu, mimi ni mzee, niache nife kwa amani."

"Mama, kifo kitakuja chenyewe. Sasa nipindishie kifundo cha mguu."

Chakula kilikuwa maharagwe, na ndagala walioliwa pamoja na mifupa yao, ambayo hujenga mifupa yetu. Kitanda kilisogezwa dirishani apate jua.

Siku ya kusimama ilipofika, adui alikuwa mwingine: aibu. Hakutaka kuonekana na fimbo. Ndipo nilipomsimulia habari za Papa Yohane Paulo II. Mtu yule aliyezoea kupanda milima aliteleza bafuni mwake mwezi wa Aprili 1994, akiwa na miaka 73, akavunjika paja, akatiwa nyonga ya chuma. Wakati huo huo maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi aliyoiita yeye mwenyewe, naye alikuwa hospitalini siku ya kuifunga. Kardinali Arinze akaongoza Misa mahali pake. Safari yake ya Marekani iliahirishwa mwaka mzima. Lakini Septemba 1995 alifika Yaoundé, akautia sahihi waraka wa Sinodi ile katika ardhi ya Afrika. Mguu haukurudi kama zamani.

Shangazi aliuliza neno moja tu: "Na fimbo aliishika mbele za watu?"

"Mbele ya dunia nzima."

Kesho yake aliagiza fimbo.

Alirudi nyumbani akichechemea. Mguu ulikuwa umepungua, basi fundi viatu akamwongezea soli nene upande mmoja. Tuliondoa mawe uani, tukamtengenezea mti wa kushika hadi chooni, na taa ya usiku.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, katika juma la Pasaka, mvua kubwa ilinyesha, na mto Mulongwe ukaacha njia yake. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Shangazi aliposikia mawe yakigongana mtoni, hakungoja kubebwa. Alitwaa fimbo, akamwamsha mjukuu wake, wakatoka. Asubuhi nyumba haikuwapo. Tulimkuta barazani mwa shule, fimbo magotini, akinung'unika kwamba kiatu chake chenye soli nene kimekwenda na maji.