Matembezi ya Mlimani Hupangwa Kuanzia Kurudi



Kila likizo ya mwezi wa sita inapokaribia huja swali lile lile: "Ustadhi, mwaka huu tunakwenda wapi?" Safari hii wakubwa wamechagua Milima ya Irangi, upande wa Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wamechagua vyema. Ila kabla ya kuchangishana nauli tuelewane jambo moja: siku ya mlimani hupangwa kuanzia saa ya kurudi, si saa ya kuondoka.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka ya nyuma nilifuatana na vijana kupanda mlima mmoja wa nyasi. Tuliondoka saa 4 asubuhi kwa kuwa tulikuwa tunasubiri chapati. Kila tulipodhani tumefika kileleni, kumbe nyuma yake kipo kingine. Tulifika juu saa 10 jioni, maji yamekwisha. Wakati wa kushuka, kijana mmoja aliyevaa kandambili aliteleza kwenye nyasi kavu, kifundo cha mguu kikavimba, tukambeba kwa zamu. Maghrib ilitukuta mteremkoni tukiwa na tochi moja. Alhamdulillah tulifika. Lakini mama yake, aliyekuwa akisubiri barabarani, hakunisemesha kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Basi tupige hesabu. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hadi leo: saa 1 kwa kila maili 3, yaani kama kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Tuseme mnakwenda kilomita 12 kwenda na kurudi, na mnapanda mita 600. Hiyo ni kama saa 3 na nusu. Lakini Naismith aliwahesabia watu wazima wenye nguvu, tena bila mapumziko. Kundi la watoto liongezewe nusu, ziwe saa 5 na ushei. Kisha chakula, swala na mapumziko, zinafika 7. Mkianza saa 2 asubuhi, mtarudi saa 9 alasiri. Jua linazama kama saa 12:40 jioni, kwa hiyo mnabaki na akiba ya kutosha hata mtu akiumia.

Kolo iko karibu kilomita 180 kutoka Dodoma mjini. Ili kuanza saa 2, lazima mlale Kondoa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Saa ya kugeuka iwe adhuhuri. Miezi hiyo huingia karibu saa 6:45 mchana. Ikiingia, mnaswali hapo mlipo na mnaanza kushuka, hata kama kilele mnakiona. Aliye safarini ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Na ikiwa maji ni machache na mnahofia kiu, tayamamuni. Maji ni ya kunywa. Kila mmoja abebe lita 2 hadi 3 tangu chini, kwani kiangazi mito ya huko ni mchanga mtupu. Asubuhi ya mwezi wa sita huwa na baridi na upepo, na mtoto hasikii kiu mpaka kichwa kimeanza kumuuma. Anywe kabla hajaomba.

Ni sunna kuleta takbira mnapopanda na tasbihi mnaposhuka. Nami huitumia kama kipimo: asiyeweza kutamka takbira bila kuhema anakwenda mbio mno.

Nyasi zinataka heshima yake. Zikikauka na kulala huteleza kama mkeka, basi vaeni raba zenye meno, na mshuke kwa mshazari. Wasichana wavae suruali pana chini ya baibui, na baibui lisiwe la kuburuza. Hukanyagwa wakati wa kushuka. Anayetangulia awe na fimbo ya kupiga nyasi ndefu, kwani kifutu hakimbii, hulala tu njiani. Moto hapana kabisa, maana katika nyasi kavu hupanda mlima haraka kuliko mtu. Bebeni mayai, viazi vya kuchemsha, tende na karanga.

Msikate njia za mkato. Ardhi ya Kondoa iliwahi kuliwa na makorongo kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 ili nyasi ziote tena. Njia ya mkato ya leo ni mfereji wa masika ijayo. Na msisimame kwenye ukingo wa korongo, kwani chini ya nyasi huenda pako wazi.

Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, tusahau safari hii. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishukia Katesh na kuua watu zaidi ya 80, nao walikuwa majumbani mwao.

Mkifika Kolo, pitieni kwanza ofisi ya michoro, mlipe kiingilio na mpate mwongozaji. Mwachieni mtu mmoja karatasi yenye idadi yenu, njia yenu na ile saa 9. Ikifika saa 11 hamjaonekana, aanze kuwatafuta.