Nuru Yaweza Kuitambua Korosho ya Rutamba?

Korosho ghafi ya Rutamba, Lindi, ikishachanganywa ghalani na ya Newala, Mtwara, hakuna jicho litakaloitenganisha. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi hughushiwa. Ndiyo maana watafiti wa mazao hutaka tunda lenyewe liseme lilikozaliwa. Na korosho ni tunda hasa: kwa wataalamu wa mimea, bibo ni kikonyo kilichovimba tu.

Kifaa chao humulika kwa miali ya infraredi, aliyoigundua William Herschel mwaka 1800. Miali yenye urefu wa nanomita 780 hadi 2,500 ikiipiga kokwa, mingine hufyonzwa, mingine hurudi. Maji hufyonza zaidi karibu na nanomita 1,450 na 1,940. Mafuta, protini na wanga navyo vina sehemu zake. Inayorudi huchorwa kuwa mstari wa mabonde na vilima. Udongo, mvua na aina ya mkorosho hubadili kidogo viwango vya vitu hivyo, na mstari nao hubadilika.

Miali haipenyi mbali. Ukiimulika korosho na ganda lake, utapima zaidi ganda na mafuta yake makali. Heri kuipasua kwanza, kama wafanyavyo wapimaji wa ubora ghalani.

Kisha programu ya kompyuta hupewa mistari ya korosho ambazo asili yake inajulikana, itafute tofauti, halafu huulizwa kuhusu korosho ngeni. Mtego uko hapa. Tuseme za Rutamba zote zilianikwa siku tatu, za Newala siku moja. Programu itajifunza unyevu, si mahali. Itafaulu maabara na kuumbuka msimu ujao. Dawa ni kuchukua sampuli za mashamba mengi na misimu kadhaa, kuzisawazisha unyevu, kisha kuijaribu programu kwa msimu mzima ambao haijawahi kuuona. Tena iruhusiwe kujibu “siijui”. La sivyo, korosho ya Msumbiji ambayo haikufundishwa itapachikwa kijiji chochote inachofanana nacho.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye chama cha msingi cha ushirika, kabla ya kifaa kununuliwa: kuandika shamba, aina ya mkorosho na tarehe ya kuokota kabla magunia hayajachanganywa. Karani akiandika uongo hapo, mashine itaufundishwa, na itaurudia kwa kila mnunuzi atakayeuliza.