Pleti namba ya elfu 15 ilivyosimamisha biashara yangu siku 16

Mwezi uliopita wengi mlinifuata inboksi mkiuliza mbona delivari zimesimama, na mimi nikawa najibu "changamoto ndogo tu, zitaisha". Haikuwa ndogo. Leo nimetulia, naielezea yote, maana najua humu wengi tuna pikipiki ya mzigo na wengi tuliinunua mkononi kwa mtu.

Mimi nauza mashuka na mapazia, niko Mbagala. Mwaka jana nilinunua Boxer kwa kaka mmoja kwa 1,450,000. Akanipa kadi, tukaandikishiana kwenye karatasi ya daftari, tukapiga picha, tukaagana. Habari ya kubadilisha jina kwenye kadi nikasema nitafanya nikipata nafasi. Ukweli niseme, sikutaka kutoa ile hela. Mzigo wa Kariakoo ulikuwa unanisubiri, nikaona kadi ninayo mkononi, nani ataniuliza?

Sasa siku moja ya mvua dogo anayenibebea mizigo akarudi jioni, pikipiki nyuma iko wazi. Pleti namba imedondoka. Nati zilikuwa zimelegea siku nyingi na kila mmoja wetu alikuwa anajua. Alirudi kuitafuta njiani mpaka giza likaingia, hakuiona.

Akaniambia, "Dada usihangaike, kuna fundi pale stendi anachonga, elfu 15 tu, kesho asubuhi tunafunga." Nikatoa elfu 15. Kusema kweli ilitoka vizuri, kwa mbali huwezi kuitofautisha.

Ilidumu siku nne. Siku ya tano dogo akasimamishwa na trafiki akiwa na oda saba, na mojawapo ilikuwa seti sita za mashuka za mama mmoja wa Tegeta, za kumpa binti yake kwenye kicheni pati Jumamosi. Alishalipa yote. Afande aliangalia ile pleti mara moja tu akajua. Akaomba leseni, kumbe leseni ya dogo ilishaisha miezi mitatu nyuma. Nikapigiwa simu, nikapanda daladala mpaka kituoni.

Swali lake la kwanza ndilo lililonimaliza. "Dada, hii pikipiki ni ya nani?" Nikasema yangu. Akaifungua kadi akanisomea jina lililoandikwa. Siyo langu. Na siyo la yule kaka aliyeniuzia pia! Lilikuwa jina la mtu ambaye sijawahi kumsikia. Yule kaka naye alinunua mkononi, naye hakubadilisha.

Nilishukuru kitu kimoja, namba ya chasisi ilisomeka sawasawa na ile ya kwenye kadi, bila hivyo ningeonekana mwizi. Mizigo waliniruhusu nichukue, pikipiki ikabaki. Seti za Tegeta nilizibeba mwenyewe kwenye basi usiku ule ule, nimefika saa tatu, mama kapokea bila kunitazama usoni.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba pleti namba siyo bati. Ni usajili, na usajili wa vyombo vya moto uko TRA. Pleti ikipotea, wa kuomba nyingine ni yule ambaye jina lake liko kwenye mfumo. Mimi mwenye pikipiki, mwenye mafuta, mwenye matengenezo, kwenye mfumo sikuwepo kabisa. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili, na ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe.

Ya kwanza, kuhamisha umiliki. Hii ndiyo ilikula siku nyingi. Nilimbana yule kaka mpaka akanipatia namba ya simu ya mwenye jina, yupo Morogoro. Mzee mstaarabu, Mungu ambariki, lakini nilimlipia nauli ya kuja na kurudi, chakula na cha kumtoa nyumbani. Tukaenda kwa wakili kuandika mkataba wa mauziano, kila mtu na kitambulisho chake cha NIDA, picha na TIN. Kuna ushuru wa stempu, kuna ada ya uhamisho, kuna kadi mpya. Malipo yote ni kwa namba ya malipo unayopewa, unalipa kwa simu au benki. Ukiona mtu anataka umtumie kwenye namba yake binafsi, huyo ni kishoka. Nilikutana na wawili nje pale, mmoja aliniambia mzee hana haja ya kuja, saini "atatengeneza" yeye. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kukubali.

Na fikiria yule mzee angekuwa amefariki. Ningeanza kutafuta msimamizi wa mirathi kwa ajili ya Boxer.

Ya pili, pleti yenyewe, ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Unaanza na ripoti ya upotevu ya polisi, siku hizi inajazwa hata mtandaoni kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Hiyo ripoti, kadi, kitambulisho na TIN, unapeleka TRA, ukishalipia pleti inatoka kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa. Ripoti usiione kama karatasi ya usumbufu. Ile pleti iliyodondoka iko mahali, na mtu akiifunga kwenye pikipiki yake akafanya jambo, namba ni yako. Ripoti ndiyo inayoonyesha ulipoteza lini. Mimi siku zile zote niliangalia kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya faini, unaandika namba ya chombo inakuonyesha. Hadi leo naangalia kila Jumapili, imekuwa kama kuangalia salio.

Bima pia nilihakiki kwa namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA. Yangu ilikuwa hai. Kuna mwenzetu humu aliniambia yake ilikuwa stika tu, kwenye mfumo haipo.

Kuhusu dogo, leseni ya udereva inakaa miaka mitano, na ya pikipiki ni daraja A. Nilimlipia nusu ya kuhuisha, nusu nakata kidogo kidogo kwenye posho. Wengine mtasema nimembana, lakini leseni ni yake, hata akiondoka kwangu anaondoka nayo. Na kama boda wako anabeba abiria kwa malipo nje ya mizigo yako, ujue hapo kuna habari ya leseni ya LATRA, usidhani bima na kadi zinatosha.

Faini haikuniumiza sana, tangu bajeti ya 2021/22 kosa kwa pikipiki lilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Kilichoniumiza ni siku 16 za kulipa boda wa mtaani kila oda, na wateja watatu waliorudishiwa hela. Nilikuja kupiga hesabu, jumla ilizidi mara tatu ile hela niliyokwepa kutoa mwaka jana ya kubadilisha jina.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujapost bidhaa za kesho, toa kadi ya pikipiki yako usome jina. Siyo la kwako? Mtafute mtu wako wakati bado anapokea simu. Halafu kazeni nati, mimi yangu nimefungia na riveti.

Kadi yangu mpya imetoka wiki hii. Yule mama wa Tegeta nilimtumia meseji ya kumpongeza kwa shughuli, imesomwa, hajajibu.