Mwingiliano katika Regresheni ya Lojistiki ya Takwimu za Paneli

Takwimu za paneli hukusanywa kwa kuwarudia watu walewale nyakati tofauti. Ndivyo Tanzania ilivyofanya kuanzia 2008, utafiti wa kitaifa ulipoanza kuzifuatilia kaya zilezile. Jibu likiwa ndiyo au hapana, mathalani kaya ina umeme au haina, hutumika regresheni ya lojistiki, na kila kaya hupewa athari nasibu yake, inayobeba mambo ya kudumu yasiyopimwa.

Mwingiliano huuliza iwapo elimu ya kaya ina nguvu ileile juu ya kupata umeme mjini na kijijini. Hapa ndipo wengi huteleza, maana namba inayotolewa na kompyuta hupima logariti ya uwiano wa kutokea kwa kutotokea, wala si asilimia. Ikichukuliwa kwamba elimu huongeza uwiano huo maradufu kote, namba ya mwingiliano ni sifuri. Hata hivyo, kaya ya kijijini yenye uwezekano wa asilimia 10 hupanda hadi 18, na ya mjini yenye 50 hufika 67: pointi 8 dhidi ya 17. Watafiti Chunrong Ai na Edward Norton walilieleza jambo hili mwaka 2003, wakaonyesha kuwa hata namba chanya ya mwingiliano yaweza kuwa hasi ikipimwa kwa asilimia.

Athari nasibu huongeza ugumu. Namba ya mwingiliano inahusu kaya zenye athari nasibu sawa. Kwa jamii nzima, kwa kawaida huwa karibu zaidi na sifuri. Njia ya kuaminika ni kukokotoa uwezekano wa kila kundi kwa wastani wa mtawanyiko wote wa athari hizo, badala ya kuziweka sifuri, kisha kulinganisha tofauti pamoja na kiwango chake cha mashaka.