Foronya Tatu kwa Mto Mmoja

Kwetu ni Konoin, ambako majani ya chai huanzia mlangoni na kuishia mbali usikopaona. Katika makala haya nanuia kukueleza jinsi ya kushona foronya, yaani ule mfuko wa kuvisha mto wa kulalia, kwa ajili ya chumba cha mtoto. Najua wavulana wenzangu watacheka. Wacha wacheke. Mimi pia ni mvulana, na suruali walizovaa wakicheka huenda zilishonwa na mwanamume.

Hebu kwanza tuziangalie nyumba zetu. Ingia sebule nyingi za Kericho na Bomet: makochi yamevalishwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, meza imevalishwa, redio nayo imevalishwa. Bonasi ya chai ikilipwa mwezi wa Oktoba, vitambaa vipya vinaingia. Sasa pita hadi chumba cha watoto. Mto wa sponji uko uchi, na mate ya miaka mitatu yameuchora ramani. Jameni, kwani kochi huhisi baridi?

Kwetu jambo hili si la urembo. Mdogo wangu wa darasa la pili ana pumu, na kuna usiku ambao nyumba nzima hatulali tukisikiliza kifua chake. Daktari alimwambia mama afue matandiko yake kila wiki kwa maji moto. Sababu ni hii: ndani ya mto huishi vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chakula chao ni magamba ya ngozi yetu yanayopukutika, na kinyesi chao ndicho hasa kinachoamsha pumu. Maji ya nyuzi 60 huviua. Aidha, hustawi palipo na unyevu, na unyevu ndio mali yetu! Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria liko upande wa magharibi likitutengenezea mawingu, na mvua hunyesha karibu kila mwezi, mara nyingi alasiri, nyingine ya mawe. Mvua hiyo ndiyo inayotulipia karo kupitia chai, kwa hivyo siilaumu. Lakini foronya iliyofuliwa asubuhi jioni bado ni mbichi. Ukiianika juu ya meko inanuka moshi, na moshi nao ni adui wa mwenye pumu.

Ndipo nikapiga hesabu: mto mmoja unataka foronya tatu. Moja kitandani, moja kambani, moja sandukuni. Mwenye moja tu, hata iwe na maua namna gani, wiki ya mvua atalaza mtoto kwenye mto mtupu.

Kitambaa kizuri ni cha pamba. Waweza kununua marekani, kile kitambaa kisicho na rangi ambacho wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikileta Unguja kwa wingi tangu miaka ya 1830, na jina likabaki. Kikiwa kipya, kifue kwanza, maana hurudi. Mimi napendelea shuka ya mitumba kutoka soko la Litein. Hiyo imekwisha kurudi zamani. Iangalie dhidi ya mwanga: shuka huchakaa katikati, pale mwili ulipolala, lakini kando zake huwa bado ni ngumu. Kata kando. Tena upande mmoja tayari una pindo la kiwandani, basi umejipunguzia kazi.

Mto wa mdogo wangu una urefu wa sentimita 50 na upana wa 35. Nilikata kipande kimoja tu cha sentimita 121 kwa 38. Hesabu yenyewe: 50 mara mbili, ongeza 15 za ulimi, ongeza 6 za mapindo ya ncha mbili. Upana nao umeongezwa 3 za mishono. Wewe weka vipimo vya mto wako.

Piga mapindo kwanza. Kisha tandaza kitambaa, upande mzuri ukitazama chini. Kunja ncha moja sentimita 15 kuja ndani. Huo ndio ulimi. Leta ncha ya pili juu yake hadi ifike pale ulimi ulipokunjwa. Sasa unaiona foronya kama itakavyokuwa, upande mzuri nje. Piga bandi ili isiteleze, halafu shona kando mbili, nusu sentimita kutoka ukingoni. Ipindue ndani nje, ushone tena kando zilezile, sentimita moja kamili. Ukiirudisha, nyuzi zote za ukingo zimefungiwa ndani ya mshono na hazitafumuka kwa kufuliwa kila wiki. Hapa watu wengi huona uvivu, wakashona mara moja tu. Usiwaige.

Cherehani si lazima. Kwa mkono, shona mshono wa kurudi: sindano ikienda mbele hatua mbili, inarudi moja nyuma. Foronya moja ilinichukua jioni mbili baada ya kuchuma chai.

Utaniuliza, vifungo viko wapi? Havipo, wala zipu. Kifungo hung'oka kikaishia mdomoni mwa mtoto, zipu hukwaruza shavu. Mto ukishaingia, ncha yake inafunikwa na ule ulimi, basi.

Ukitaka kutarizi, tarizi karibu na mdomo wa foronya, si katikati ambapo shavu hulala juu ya mafundo. Na sisi wanachama wa Kiswahili tusiandike Kizungu huko. Mimi niliandika LALA SALAMA kwa uzi mwekundu, na mdogo wangu huisoma kwa sauti kila usiku.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja msimshonee, kwa kuwa hafai kulazwa na mto wowote. Unaweza kumziba pumzi. Wengine wote, pimeni mito yao likizo hii. Kielelezo changu cha karatasi nimemwachia mwalimu mlezi wa chama, yeyote anayekitaka akiombe achore chake.